Mkono Unapoondoka, Umeme Unapokatika: Jinsi Vali Zinavyoendesha Silinda za Upepo

Umeme unapokatika ghafla katika karakana yenye mashine za upepo, yaani zinazosukumwa na hewa iliyoshindiliwa na kompresa, taa huzimika, mota hunyamaza, na mtu asiyezizoea mashine hizo hudhani kwamba hakuna tena kinachoweza kusogea. Lakini tangi la kompresa bado limejaa. Tangi la lita 100 linaposhuka kutoka shinikizo la bar 8 hadi bar 6 hutoa hewa ambayo, ikiachiwa huru, ingejaza lita 200 hivi. Silinda yenye kipenyo cha milimita 50 na mwendo wa milimita 100, inayofanya kazi kwa bar 6, hutumia takriban lita mbili na nusu za hewa hiyo huru kila inapokwenda na kurudi. Ukigawanya utapata safari 80. Mashine iliyokatikiwa umeme, basi, bado ina uwezo wa kusukuma mara 80, na kinachoamua kama itasukuma, itarudi au itabaki ilipo ni vali peke yake, yaani kifaa kinachoielekeza hewa.

Ndiyo sababu naona kwamba swali ambalo wanafunzi wengi wa ufundi huanza nalo, yaani kama vali ya mkono ni bora kuliko ya umeme au la, linapaswa kungoja. Swali linalotangulia ni hili: mkono ukiondoka, au umeme ukikatika, vali inakwenda wapi, na silinda inafuata wapi? Asiyeweza kulijibu kwa kila vali iliyoko kwenye mashine yake hajaijua mashine hiyo, hata kama ameiendesha kwa miaka.

Tuanze na silinda. Silinda ni bomba lililozibwa ncha zote mbili, lenye pistoni ndani na fimbo inayotokeza upande mmoja. Iko silinda ya kazi moja, ambayo hewa huisukuma upande mmoja na springi ikairudisha, na iko silinda ya kazi mbili, ambayo huenda kwa hewa na kurudi kwa hewa. Nguvu yake hupatikana kwa kuzidisha shinikizo la hewa, au presha kama isemwavyo gereji, kwa eneo la uso wa pistoni. Pistoni ya milimita 50 ikisukumwa na bar 6 hutoa nyutoni 1,178, sawa na uzito wa kilo 120 kabla ya kuondoa msuguano. Inaporudi, fimbo ya milimita 20 imekwisha kuchukua sehemu ya eneo lile, kwa hiyo nguvu hushuka hadi nyutoni 990 hivi. Silinda ya aina hiyo hushikika kwa mkono mmoja, na ukubwa wake haumwonyeshi mtu nguvu iliyomo ndani yake.

Kazi ya vali ina pande mbili, na upande wa pili husahauliwa sana. Vali huelekeza hewa ya kompresa kwenye tundu fulani la silinda, na papo hapo huifungulia njia ya kutoka hewa iliyokwisha kazi. Koki ya kawaida ya maji haiwezi kazi hiyo: ukiifungua hewa itaingia na pistoni itasogea, lakini ukiifunga hewa itabaki imenaswa ndani na pistoni haitarudi. Ndiyo maana hata silinda ya kazi moja, iliyo rahisi kuliko zote, huhitaji vali yenye matundu matatu: moja la kupokea hewa, moja la kwenda kwenye silinda, na moja la kutolea nje. Kwa kuwa vali hiyo ina hali mbili, yaani ya kujaza na ya kutoa, huitwa vali ya 3/2. Namba ya kwanza huhesabu matundu na ya pili huhesabu hali. Silinda ya kazi mbili huhitaji kwa kawaida vali ya 5/2, yenye tundu la kuingizia, matundu mawili ya kwenda silinda, na mawili ya ekzosi, yaani ya kutolea nje.

Matundu hayo hayakupewa namba kiholela. Tundu la 1 ndilo linalopokea hewa kutoka kwenye kompresa, la 2 na la 4 huenda kwenye silinda, la 3 na la 5 hutoa nje. Kwenye vali za zamani utakuta herufi badala ya namba: P kwa hewa inayoingia, A na B kwa silinda, R na S kwa ekzosi. Upande wa kuamrishia vali nao huwa na namba, mara nyingi 14 na 12, ambazo husomwa kama tarakimu mbili zilizokaa pamoja. Amri ya 14 huunganisha tundu la 1 na la 4, na amri ya 12 huunganisha la 1 na la 2. Fundi aliyeuelewa usomaji huo anaweza kuichukua vali asiyoijua, akaisoma ubavuni, na kusema hewa itatokea wapi kabla ya kufunga bomba hata moja.

Ndani ya mwili wa vali nyingi za aina hii mna kipande kirefu cha mviringo, chenye matuta na mabonde, kinachoteleza ndani ya njia yake huku mipira, yaani pete za mpira, ikizuia hewa isipenye pembeni. Kipande hicho huitwa spuli. Kikiwa upande huu, bonde moja huunganisha tundu la 1 na la 2, na bonde jingine huunganisha la 4 na la 5. Kikisogezwa upande wa pili, la 1 hukutana na la 4, na la 2 likapata njia ya kutokea kwenye la 3. Ni mwendo wa milimita chache tu. Hapo ndipo vali ya mkono na vali ya umeme zinapokutana, kwa kuwa spuli inaweza kuwa ileile, mwili uleule na hewa ileile, na tofauti iko kwa yule anayeisukuma spuli.

Katika vali ya mkono, anayesukuma ni mtu, kwa kitufe, kwa mkono wa chuma au kwa pedali ya mguu. Vali hizi hazihitaji waya, haziungui, na mtu anaposhika mkono wa vali huihisi mashine moja kwa moja. Akiona kipande kimekaa vibaya huachia papo hapo. Mahali penye vumbi kali, maji mengi au umeme usioaminika, vali ya pedali inaweza kufanya kazi miaka mingi bila kudai lolote ila hewa safi na kavu. Kasoro yake ni kwamba bomba la hewa lazima lifike hadi kwa mtu, na mtu lazima awepo kwa kila tendo. Mashine yenye silinda mbili inaweza kuendeshwa kwa mikono. Yenye silinda sita zinazofuatana kwa zamu haiwezi.

Katika vali ya umeme, anayesukuma ni solenoidi, yaani koili ya waya ambayo umeme unapopita huvuta kiini cha chuma. Wengi hudhani kwamba kiini hicho ndicho kinachoisukuma spuli, lakini kwenye vali za kawaida za 5/2 sivyo. Koili ndogo ya wati chache haina ubavu wa kuisogeza spuli iliyobanwa na mipira. Inachoweza ni kufungua kitundu chembamba. Kitundu chenye kipenyo cha milimita 1.2 kikisukumwa na bar 6 hubeba nguvu ya nyutoni 0.7 tu, karibu na uzito wa yai la kuku, na hiyo koili huimudu kwa urahisi. Hewa inayopenya kwenye kitundu hicho ndiyo inayokwenda kuisukuma spuli. Umeme huamrisha hewa kidogo, na hewa hiyo kidogo huamrisha hewa nyingi.

Kutokana na mpango huo huzaliwa tatizo ambalo huwasumbua mafundi asubuhi, kompresa inapokuwa ndiyo kwanza imewashwa. Vali ya namna hii haibadiliki mpaka hewa ifikie shinikizo fulani, mara nyingi kati ya bar 1.5 na 2.5 kutegemea muundo wake. Taa ya koili inawaka, koili imepata joto, mlio mdogo umesikika, na silinda haikusogea. Fundi hubadilisha koili, kisha hubadilisha waya, na baada ya dakika kumi mashine hukubali yenyewe kwa sababu tangi limejaa. Koili haikuwa na kosa lolote.

Koili nazo zinatofautiana. Koili ya AC, yaani ya umeme unaogeuka upande mara kwa mara, huvuta mkondo mkubwa kabla kiini hakijavutwa hadi mwisho, kisha mkondo hupungua. Uchafu ukikikwamisha kiini njiani, mkondo ule mkubwa haushuki, na koili huungua. Koili ya DC, yaani ya umeme unaokwenda upande mmoja, ambayo katika mashine za viwandani kwa kawaida ni ya volti 24, huvuta mkondo uleule kiini kikiwa popote, kwa hiyo huvumilia kukwama. Ila inapozimwa hurusha volti kubwa kwa kitambo kidogo sana, na ndiyo maana hufungiwa diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili kuikinga swichi au kompyuta ya mashine iliyoko upande wa pili.

Sasa turudi kwenye swali letu. Vali zote za hali mbili, za mkono na za umeme, hugawanyika katika makundi mawili ambayo kwa maoni yangu ni makubwa kuliko mgawanyo wa mkono na umeme. Kundi la kwanza ni la vali zenye springi: mtu akiachia kitufe, au umeme ukikatika, springi huirudisha spuli mahali pake pa kutulia. Kundi la pili ni la vali zenye kumbukumbu: spuli hubaki pale ilipowekwa mara ya mwisho. Vali ya mkono yenye kumbukumbu huwa na kikamatio kinachoushika mkono wa vali upande mmoja hadi mtu aurudishe. Vali ya umeme yenye kumbukumbu huwa na koili mbili, moja kila upande. Koili ya kushoto ikipigwa umeme kwa muda mfupi spuli huhama, na umeme ukiondoka haitoki hapo mpaka koili ya kulia iamrishe.

Kuona jinsi uchaguzi huo unavyokuwa mzito, tuchukue mashine ya kutoboa vyuma yenye silinda mbili. Silinda ya kwanza hubana jiliwa linaloshika chuma, na ya pili hushusha kichwa cha drili. Mpangilio ni wazi: jiliwa libane, drili ishuke, drili ipande, jiliwa liachie. Umeme ukakatika drili ikiwa katikati ya chuma. Kichwa cha drili kinapaswa kupanda, kwa sababu biti iliyosimama ndani ya chuma huku silinda ikiendelea kuisukuma itavunjika, na kwa sababu hakuna ajuaye mtu atakuwa ameingiza mkono lini kutazama kilichotokea. Vali yake basi iwe ya koili moja na springi, na ifungwe kwa namna ambayo hali ya kutulia ndiyo ya kupanda.

Je, jiliwa nalo lipewe vali ya springi? Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu kila jibu la springi lina hatari yake. Tukifanya hali ya kutulia iwe ya kuachia, umeme ukikatika jiliwa litafunguka wakati biti bado inazunguka kwa kasi iliyobaki, na chuma kitazungushwa nayo au kurushwa. Tukifanya hali ya kutulia iwe ya kubana, chuma kitakuwa salama, lakini umeme ukikatika wakati jiliwa liko wazi na mtu anapanga kipande kipya kwa vidole vyake, litafunga lenyewe. Kwa jiliwa kinachofaa ni kumbukumbu. Lililobana libaki limebana, lililo wazi libaki wazi. Mashine moja, silinda mbili, aina mbili za vali. Na aliyenunua vali za aina moja kwa ajili ya kurahisisha vipuri amejiwekea ajali ambayo siku yake haijafika.

Kumbukumbu nayo inadai tahadhari yake. Umeme unaporudi, mashine isianze yenyewe kuendelea pale ilipoishia; programu au saketi ya kuanzisha lazima isubiri mtu abonyeze kitufe upya. Hewa iliyopotea na kurudi ghafla huleta hatari ya namna hiyohiyo, kwa sababu silinda isiyo na hewa upande wa ekzosi haina cha kuizuia na huruka kwa kishindo. Kwa ajili hiyo huwekwa kwenye njia kuu vali inayoijaza mashine polepole kwanza, kisha ikafunguka kabisa baada ya shinikizo kupanda.

Fikra hii ya kuuliza kifaa kitakwenda wapi nguvu ikitoweka ni ya zamani, na barabarani tunaiona kila siku. George Westinghouse wa Marekani alipata hataza ya breki yake ya kwanza ya upepo kwa ajili ya treni mwaka 1869. Katika mpango ule, hewa ilipelekwa kwenye mabehewa pale breki zilipohitajika; bomba likipasuka au mabehewa yakikatika, breki zilipotea wakati zilipotakiwa kuliko wakati wowote. Mwaka 1872 aliugeuza mpango juu chini: bomba likawa na shinikizo muda wote, kila behewa likawa na tangi lake, na kushuka kwa shinikizo ndiko kukawa amri ya kufunga breki. Malori yenye breki za upepo yanayopita barabara zetu yamerithi wazo hilo. Breki ya kuegesha hushikwa na springi nzito, na upepo kazi yake ni kuiachia. Dereva anayesubiri mshale wa geji ya upepo upande asubuhi kabla ya kuondoka anaijaza silinda hewa ya kuishinda springi, na vali iliyoko mkononi mwake ni vali ya mkono ya kikamatio.

Ipo aina ya tatu inayochanganya watu zaidi, nayo ni vali ya 5/3. Hii ina springi pande zote mbili, na isipoamrishwa spuli hukaa katikati. Katikati hapo panaweza kutengenezwa kwa namna tatu: matundu yote yazibwe, au pande zote mbili za silinda zifunguliwe kwenye ekzosi hata fimbo isogezeke kwa mkono, au pande zote mbili zipewe hewa. Watu hupenda ile ya kuziba yote, kwa kuwa huwawezesha kuisimamisha silinda katikati ya mwendo. Lakini hewa si mafuta ya haidroliki. Hewa hubonyea, mipira huvuja kidogo kidogo, na mzigo uliosimamishwa saa mbili asubuhi huenda saa nne ukawa umeshuka kwa vidole viwili. Vali hii husimamisha mzigo kwa muda; asiitegemee mtu anayetaka kuingia chini yake.

Nilijifunza uzito wa maneno hayo katika karakana moja niliyowahi kufanya kazi, penye meza ya kunyanyulia mizigo iliyosukumwa na silinda ya wima na vali ya 5/3 ya kuziba. Meza ilikuwa juu, imebeba vyuma. Msaidizi alitaka kubadilisha bomba lililokuwa likivuja, na alifanya alivyofundishwa: akazima umeme, akafunga koki kuu, akatazama geji na kuona mshale uko kwenye sifuri. Kisha akalegeza bomba la chini ya silinda. Bomba lilichomoka na kucharaza hewani kama mjeledi, vumbi likafumka, na meza ikashuka yote kwa mpigo mmoja. Alikuwa ameshautoa mkono kwenye fremu kuchukua spana, na aliondoka na mchubuko wa kidole tu. Geji haikumdanganya. Ilionyesha sifuri kwa sababu imefungwa kabla ya vali. Hewa iliyokuwa imeibeba meza ilikuwa upande wa pili, imenaswa kati ya vali iliyoziba na pistoni, na hakuna mshale ulioitazama.

Wapo watakaosema kwamba angebonyeza kile kitufe kidogo cha mkono kilichopo kwenye vali nyingi za umeme, ambacho hubonyezwa kwa ncha ya bisibisi ili kuibadilisha vali bila umeme. Kitufe hicho ni kipimo kizuri sana mashine inapogoma. Hewa ikiwepo, ukikibonyeza na silinda ikasogea, tatizo liko kwenye koili, waya au amri. Isiposogea, tafuta kwenye spuli, mabomba au silinda yenyewe. Vingine vinaweza kuzungushwa vikabaki vimebonyea, na aliyevijaribu lazima avirudishe, la sivyo mashine itaanza kazi na vali iliyokwisha amrishwa. Lakini kwenye vali ambayo koili yake hufungua kitundu tu, kitufe hiki nacho hufungua kitundu kilekile. Kinaisogeza spuli kwa hewa ya tundu la 1. Msaidizi yule alikuwa amekwisha kuifunga hewa hiyo, kwa hiyo angebonyeza mpaka jioni na spuli isingetoka katikati.

Njia iliyokuwepo ilikuwa kuishusha meza hadi chini kabla ya kufunga hewa, au, kama haishuki, kuitegemeza kwanza kwa magogo yenye nguvu ya kubeba mzigo wote. Baada ya siku ile tuliongeza kitu cha tatu, ambacho hadi leo nakiweka kwenye kila silinda ya wima inayoendeshwa na vali ya kuziba: vali ndogo ya mkono iliyofungwa kwenye tundu la silinda yenyewe, baada ya vali ya umeme, pamoja na geji yake. Mzigo ukishategemezwa, vali hiyo ndogo huzungushwa taratibu, hewa iliyonaswa ikatoka kwa mlio unaopungua, na bomba halilegezwi mpaka mlio ukome na mshale wa geji ile ya pili nao uwe umelala kwenye sifuri.